SOMO KWA VYAMA VYA MASEREMALA: KUCHAGUA UBAO WA SHINGO YA GITAA

Shabaha ya somo

Somo hili limekusudiwa kwa wanachama wa vyama vya ushirika vya maseremala, hasa vile vilivyoanza, au vinavyotaka kuanza, kutengeneza magitaa kwa ajili ya kwaya, shule na bendi. Shabaha yake ni kumwezesha kila mwanachama, awe fundi, mweka hazina au mjumbe wa kamati ya ununuzi, kuutazama ubao na kuamua kama unafaa kuwa shingo ya gitaa au haufai. Yafaa somo lisomwe kwa sauti katika kikundi, sehemu moja moja, huku vipande vya mbao vikiwa mezani ili kila mmoja avishike kwa mkono wake. Mwishoni yapo maswali ya majadiliano.

1. Mfano wa chama kimoja

Na ichukuliwe mfano wa chama cha maseremala chenye wanachama 14, kilichoko katika mji wa pwani. Chama hicho ni cha mfano tu. Lakini yaliyokipata yaweza kukipata chama chochote.

Chama kilipata kazi ya kutengeneza magitaa 20 ya nyuzi za chuma kwa ajili ya kwaya za bara, katika nyanda kavu za kati. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote kilizowahi kupata. Kamati, kwa nia njema ya kubana matumizi, ikanunua mbao za mkangazi zilizopasuliwa majuma mawili tu yaliyotangulia, kwa kuwa bei yake ilikuwa ya chini. Fundi mkuu alipouliza kama mbao zimekauka, alijibiwa kuwa mteja hawezi kungoja. Magitaa yakatengenezwa, yakapigwa msasa, yakapakwa vanishi yakang'aa. Siku ya kukabidhiwa yalilia vizuri, na kila mtu alifurahi.

Baada ya miezi mitatu, magitaa 17 kati ya 20 yalirudishwa. Shingo nyingine zilikuwa zimepinda mbele kiasi cha nyuzi kunyanyuka na kuwaumiza vidole wapigaji. Nyingine zilikuwa zimejisokota. Katika nyingine, ncha za freti, yaani vile vipande vya chuma vinavyolazwa juu ya ubao wa vidole, zilikuwa zimetokeza pembeni na kuwa kali kama meno ya msumeno.

Mkutano mkuu ukaitishwa. "Ndugu Mwenyekiti," alisema mwanachama mmoja kwa hasira, "fundi ndiye aliyezichonga shingo hizi, na fundi ndiye azilipe." Wengi wakaitikia. Fundi mkuu, mzee aliyekwisha kukaa na randa maisha yake yote, akasimama polepole. "Ndugu zangu," alisema, "kosa langu silikatai. Niliuona ubao mbichi nikanyamaza. Lakini ubao huo niliukuta umekwisha nunuliwa. Nauliza: miongoni mwa ninyi mlioununua, ni nani awezaye kuutambua ubao mbichi?" Hakuna aliyejibu.

Somo hili linajaribu kulijibu swali la mzee huyo.

2. Kazi ya shingo

Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Nyuzi za chuma za unene wa kawaida, zikikazwa hadi sauti inayotakiwa, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70. Nyuzi za nailoni huvuta kwa takriban kilo 40. Nguvu hiyo haipumziki usiku wala mchana: ni kana kwamba mtu mzima amening'inia kwenye kichwa cha gitaa mwaka mzima. Tena nyuzi hupita juu ya shingo, wala hazipiti katikati yake. Kwa sababu hiyo hukivuta kichwa kije mbele, kama upinde uvutwavyo na kamba yake.

Pamoja na mzigo huo, shingo haina budi kuwa nyembamba ili mkono wa mpigaji uizunguke. Karibu na kichwa, unene wake wote pamoja na ubao wa vidole huwa takriban milimita 21 tu. Seremala aliyezoea kutengeneza meza na milango na alikumbuke jambo hili. Mguu wa meza ukipinda nusu milimita hakuna atakayejua. Shingo ya gitaa ikipinda nusu milimita zaidi ya ilivyokusudiwa, mpigaji hutambua siku hiyo hiyo.

Hivyo, ubao wa shingo hutakiwa uwe na sifa nne: uwe mnyofu, uwe mkavu, uwe na nguvu bila kuwa mzito mno, na ukubali patasi na gundi. Jina la mti si miongoni mwa sifa hizo nne. Mti wenye sifa kubwa waweza kutoa ubao mbaya, na mti usiosifiwa waweza kutoa ubao mwema.

Yafaa hapa kutaja ile fimbo ya chuma inayofichwa ndani ya shingo na kukazwa kwa ufunguo. Thaddeus McHugh, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Gibson ya Marekani, alipewa hataza ya fimbo ya namna hiyo mwaka 1923, na leo magitaa mengi ya nyuzi za chuma huwa nayo. Lakini fimbo hiyo hurekebisha kupinda kwa mbele au kwa nyuma tu. Shingo iliyojisokota haiponywi nayo. Magitaa ya nailoni kwa kawaida hayana fimbo hiyo kabisa, na shingo zake hutegemea ubao peke yake.

3. Mkondo wa ubao

Kila mti umejengwa kwa nyuzinyuzi ndogo zinazopanda kutoka mizizini kwenda juu. Mwelekeo wa nyuzinyuzi hizo ndani ya ubao utaitwa hapa mkondo. Nguvu ya ubao hufuata mkondo wake. Ukienda sambamba na urefu wa shingo, shingo ina nguvu yake yote. Ukikata pembeni, nguvu hupungua upesi.

Vipimo vilivyofanywa katika maabara ya mazao ya misitu ya Marekani, iliyoko Madison, vimeonyesha kiasi cha upungufu huo. Mkondo ukikengeuka sentimita 1 katika kila sentimita 20 za urefu, ubao hubaki na asilimia 93 ya nguvu yake ya kustahimili kuvunjika. Ukikengeuka 1 katika 10, hubaki asilimia 81. Ukikengeuka 1 katika 5, hubaki asilimia 55 tu. Kwa shingo ya gitaa, fundi na aweke mpaka wake kwenye 1 katika 20. Ubao unaozidi hapo upelekwe kwenye kazi nyingine.

Mkondo hukaguliwa kwa njia tatu:

(a) Kutazama pande zote nne. Ubao waweza kuonekana mnyofu kwa upande wa juu, kumbe ubavuni mkondo wake unapanda na kutoka nje. Fundi airande kidogo kila sehemu, kisha afuate kwa jicho vile vistari vidogo vya matundu ya mti.

(b) Kupasua kipande. Kipande kifupi kutoka mwisho wa ubao kipasuliwe kwa shoka au tindo, wala si kwa msumeno. Msumeno huenda anakotaka mtu, lakini mpasuko hufuata mkondo wenyewe. Ukipasuka sawasawa, ubao ni mnyofu. Mpasuko ukizunguka kama parafujo, mti ulikuwa umejisokota tangu ukiwa msituni, na shingo itakayotoka humo nayo itajisokota.

(c) Kutazama ncha. Ncha ya ubao irandwe na kuloweshwa kidogo ili pete za mti zionekane. Pete zikisimama wima kuelekea ubao wa vidole, ubao huo hutulia zaidi. Sababu ni kwamba mti unapokauka husinyaa zaidi kwa kuzifuata pete kuliko kwa kuzikata. Kwa miti ya jamii ya mkangazi, kutoka ubichi hadi ukavu kamili, kusinyaa kwa kuzifuata pete ni takriban asilimia 4.5, na kwa kuzikata ni takriban asilimia 2.5. Kusinyaa kwa urefu ni kudogo sana.

Pete zilizolala hazikatazwi kabisa. Kampuni ya Fender ya Marekani ilianza mwaka 1950 kuuza magitaa ya umeme yenye shingo za mti wa mepo, na nyingi za shingo hizo zina pete zilizolala. Lakini mepo ni mti mgumu, shingo hizo zina fimbo ya chuma, na mbao zake hukaushwa kwa tanuri. Chama kisicho na tanuri ni heri kishike pete zilizosimama.

Ubao wenye fundo, wenye ufa, au uliotoka katikati kabisa ya gogo, ukataliwe. Vivyo hivyo sehemu nyeupe iliyo chini ya gome, kwani ndiyo inayopendwa na bungua.

4. Ukavu wa ubao

Hili ndilo lililokiangusha chama cha mfano wetu. Unyevu wa ubao hupimwa kwa kulinganisha uzito wa maji yaliyomo na uzito wa mti mkavu. Kipande chenye upana wa milimita 25 hukatwa, si mwishoni mwa ubao, bali walau sentimita 30 kutoka ncha, kwa sababu ncha hukauka mapema na hudanganya. Kipande hupimwa, kisha huwekwa ndani ya joko lenye joto la nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzito wake usipungue tena. Ikiwa kilikuwa na gramu 260 na sasa kina gramu 200, basi maji yalikuwa gramu 60. Gramu 60 zikigawanywa kwa 200 na kuzidishwa kwa 100, unyevu ni asilimia 30. Ubao wa namna hiyo ni mbichi.

Ubao ulioachwa mahali penye hewa huendelea kukauka hadi ulingane na hewa hiyo, kisha husimama. Penye hewa ya pwani, ambapo unyevu wa hewa huweza kukaribia asilimia 80, ubao husimama kwenye asilimia 16 hivi. Penye hewa kavu, ambapo unyevu wa hewa ni nusu, yaani asilimia 50, ubao hushuka hadi kama asilimia 9. Maana yake ni kwamba ubao uliokauka vizuri kabisa pwani bado si mkavu kwa mteja wa bara.

Hesabu ifuatayo ifanywe ubaoni mbele ya kikundi. Shingo ya mkangazi yenye upana wa milimita 56 ilichongwa ikiwa na unyevu wa asilimia 30, nayo ikapelekwa mahali ambapo itashuka hadi asilimia 9. Ikiwa pete zimelala, upana wake utapungua kwa takriban milimita 1.8. Ikiwa pete zimesimama, utapungua kwa milimita 1 hivi. Freti za chuma hazisinyai. Kwa hiyo ubao wa vidole nao ukiwa mbichi, ncha za freti hutokeza nje. Na kwa kuwa upande mmoja wa shingo hukauka kabla ya mwingine, shingo hupinda. Magitaa 17 yalirudishwa kwa sababu hiyo, wala si kwa ubaya wa mkono wa fundi.

Namna ya kukausha ni hii. Mbao zipangwe kivulini, juu ya magogo au matofali, walau sentimita 30 kutoka ardhini. Kati ya safu na safu viwekwe vijiti vikavu vya unene wa milimita 25, vilivyopangwa juu kwa juu, kila sentimita 40 hadi 60. Ncha za mbao zipakwe rangi nzito au nta ili zisipasuke. Juu kabisa uwekwe uzito. Mbao tatu zitiwe alama na kupimwa kila baada ya majuma mawili, na uzito uandikwe. Uzito usipobadilika katika vipimo vitatu mfululizo, ubao umelingana na hewa ya hapo.

Baada ya hapo mbao za shingo ziingizwe katika kabati au chumba kidogo chenye joto la wastani, kama vile tanuri la jua lililojengwa kwa fremu ya mbao na karatasi ya nailoni, hadi unyevu ufikie asilimia 8 hadi 10. Zikitoka humo zichongwe mapema, au zitunzwe ndani ya nailoni iliyofungwa. Aidha, shingo isichongwe hadi mwisho kwa siku moja. Ikatwe kwa umbo la awali, ikiwa nene kuliko inavyotakiwa, kisha iachwe majuma kadhaa. Kama ubao una hila, hila hiyo itajionyesha wakati bado kuna mti wa kuiranda. Haraka haraka haina baraka.

5. Miti inayopatikana

Mkangazi (Khaya anthotheca). Huu ni ndugu wa mahogani ya Marekani ya kitropiki, ambayo kwa muda mrefu imetumiwa kwa shingo za magitaa. Uzito wake ni takriban kilo 540 kwa meta moja ya ujazo. Ni mwepesi, una nguvu ya kutosha, unasinyaa kidogo na unashika gundi vizuri. Ila lake ni mkondo unaobadilika-badilika tabaka kwa tabaka, unaong'oka chini ya randa. Zichaguliwe mbao zilizonyooka zaidi, na randa inolewe vema.

Msedrela (Cedrela odorata). Mti huu una asili ya Marekani ya kitropiki, nao ndio ulio wa kawaida katika shingo za magitaa ya Kihispania, ya nyuzi za nailoni. Una uzito wa kilo 470 hivi na harufu nzuri. Uliletwa Afrika Mashariki kwa kupandwa, na katika Hifadhi ya Msitu wa Kimboza, Morogoro, umeenea hadi kuisonga miti ya asili. Hivyo ni mti ambao ukivunwa kwa kibali msitu hufaidika. Mti uliokua upesi huwa laini, na mbao zake nyepesi mno zisitumiwe kwa nyuzi za chuma bila fimbo.

Mninga (Pterocarpus angolensis). Uzito wake ni kama kilo 640. Ni mtulivu sana. Mara ukikauka haubadiliki ovyo. Shingo yake ni nzuri na imara. Hata hivyo bei yake ni kubwa, na vumbi lake huwadhuru baadhi ya mafundi. Kitambaa cha kufunika pua na mdomo kisikose.

Msaji, uitwao pia mtiki (Tectona grandis). Hupatikana katika mashamba ya miti kama Mtibwa na Longuza. Uzito wake ni kilo 650 hivi, nao ni mtulivu. Una mafuta yanayozuia gundi, kwa hiyo sehemu za kuungwa zirandwe upya na kugundishwa papo hapo. Tena hufifisha makali ya vyombo upesi.

Mvule (Milicia excelsa). Ni imara na hauliwi na wadudu kwa urahisi, lakini mkondo wake huvukana, na ndani yake huweza kuwamo mawe madogo yanayovunja meno ya msumeno. Ni mti mwema wa milango kuliko wa shingo.

Mpingo (Dalbergia melanoxylon). Uzito wake huzidi kilo 1,200, yaani zaidi ya mara mbili ya mkangazi. Shingo nzima ya mpingo ingelielemea gitaa kichwani. Mahali pake ni ubao wa vidole, wenye unene wa milimita 6 hivi, ambapo ugumu wake hustahimili kusuguliwa na nyuzi miaka mingi. Mabaki ya wachongaji wa vinyago mara nyingine hutosha kwa kazi hiyo.

Msonobari wa mashamba kama Sao Hill ni laini kwa nyuzi za chuma, lakini unafaa sana kwa kujifunzia. Mwanagenzi na achonge shingo zake za kwanza kwa msonobari, aharibu humo, ndipo apewe mkangazi.

6. Kuunga ili kuokoa ubao

Kichwa cha gitaa hulala nyuma kwa pembe, mara nyingi nyuzi 14 au 15. Kikichongwa kutoka katika kipande kimoja na shingo, mkondo hukikata kichwa kwa kiasi cha 1 katika 4. Kwa vipimo vilivyotajwa katika sehemu ya tatu, nguvu yake hapo huwa chini ya asilimia 55. Ndiyo sababu gitaa likianguka huvunjika hapo kwanza.

Dawa yake ni ya zamani: ubao mwembamba hukatwa kwa mshazari, kipande hugeuzwa, kisha hugundishwa, ili mkondo wa kichwa ufuate kichwa na mkondo wa shingo ufuate shingo. Kisigino, pale shingo inapoungana na sanduku la sauti, hujengwa kwa vipande vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kiungo kilichorandwa vema na kugundishwa vema kina nguvu kuliko kipande kimoja kilichokatwa kinyume cha mkondo.

Faida yake kwa hesabu ya chama ni kubwa. Shingo ya kipande kimoja huhitaji gogo la milimita 75 kwa 90 kwa 750. Shingo ya kuunga huhitaji ubao wa milimita 25 kwa 75 kwa 1,000. Bila kuhesabu upotevu wa msumeno, meta moja ya ujazo hutoa shingo 197 kwa njia ya kwanza, na shingo 533 kwa njia ya pili. Tena ubao wa milimita 25 hukauka upesi zaidi kuliko gogo nene.

Fundi asiyeuamini ubao wake sana aweza kuunganisha vipande vitatu vyembamba kwa ubavu, cha kati kikigeuzwa kichwa chini. Kila kipande humzuia mwenzake asipinde anakopenda.

7. Sheria na uhai wa msitu

Mbao zote zinunuliwe pamoja na hati zake: stakabadhi ya malipo ya serikali, hati ya kusafirishia mazao ya misitu, na alama ya nyundo. Ubao usio na hati ni mzigo kwa chama zima. Ukikamatwa, hasara huwa ya kila mwanachama.

Chama kinachokusudia kuuza nje ya nchi kina jambo la ziada la kujua. Upo mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, uitwao CITES. Mpingo na jamii yake yote iliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba huo mwaka 2017, ingawa marekebisho ya mwaka 2019 yalivitoa vyombo vya muziki vilivyokamilika. Mkangazi, mninga na mkongo wa Afrika viliingizwa mwaka 2023, kwa upande wa magogo na mbao zilizopasuliwa. Orodha hiyo haikatazi biashara. Inataka kibali kinachothibitisha kuwa mti ulivunwa kihalali na bila kuuangamiza.

Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Fundi akiutupa ubao wake kwa uzembe, anautupa mti uliopandwa kabla ya babu yake kuoa. Upo pia mfano wa kutia moyo. Mwaka 2009, misitu ya vijiji wilayani Kilwa, vikiwamo Kikole na Kisangi, ilipata cheti cha FSC cha uvunaji bora, cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji wenyewe. Mapato ya mpingo uliouzwa huko yakawa ya kijiji. Chama cha maseremala kinaponunua kutoka msitu wa namna hiyo, ushirika wa mjini unakuwa umeshikana mkono na ushirika wa kijijini.

8. Utaratibu wa chama

Yafaa sasa kurudi katika mkutano ule. Baada ya swali la mzee, majadiliano yaliendelea hadi jioni. Uamuzi haukuwa mwepesi. Wanachama walikubali kwamba hasara ni ya wote, kwa kuwa kamati ilinunua bila kumsikiliza fundi, na fundi alichonga bila kuipinga kamati. Mgawo wa mwaka huo ukaachwa, na shingo 17 zikatengenezwa upya kwa mbao zilizokaushwa. Kwaya zilingoja miezi mitano. Mbili hazikungoja, zilidai fedha zao, zikarudishiwa.

Kisha chama kiliweka kanuni nne:

(1) Hakuna ubao utakaonunuliwa kwa ajili ya shingo bila saini mbili, ya mjumbe wa kamati na ya fundi.

(2) Kila ubao utaandikwa katika daftari: aina ya mti, mahali ulipotoka, namba ya hati, tarehe ya kuingia, na uzito wake kila majuma mawili.

(3) Chama kitakuwa na akiba ya mbao kavu za kutosha shingo 30 wakati wote, ili haraka ya mteja isikilazimishe tena kutumia ubao mbichi.

(4) Mteja ataulizwa kwanza gitaa litakaa wapi, pwani au bara.

Kazi ya kupima uzito na kuandika daftari alipewa yule mwanachama aliyetaka fundi alipe peke yake. Aliipokea kwa kununa. Mwezi wa nne mfanyabiashara alileta mbao za bei nafuu, zenye sura nzuri. Mwanachama huyo alikata kipande, akakipima, akakitia jokoni, akakipima tena, kisha akaenda kwa mwenyekiti na karatasi yake mkononi. "Ndugu Mwenyekiti," alisema, "asilimia 27. Tusizichukue, au tuzichukue kwa bei ya mbao mbichi na kuzianika." Mzee fundi, aliyekuwa akinoa patasi yake pembeni, hakusema neno, alisogea tu kwenye benchi akampisha nafasi ya kukaa.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Gitaa lenye shingo nyofu hupita kutoka kwaya hadi kwaya likikitangaza chama lilikotoka, na lenye shingo iliyopinda hutangaza vivyo hivyo.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini fimbo ya chuma haiwezi kuiponya shingo iliyojisokota?

2. Kipande cha ubao kilikuwa na gramu 345 kabla ya kukaushwa, na gramu 300 baadaye. Unyevu wake ni asilimia ngapi? Je, wafaa kwa shingo ya gitaa litakalopelekwa nyanda kavu za bara?

3. Kikundi kipasue vipande vitatu vya mbao kutoka akiba ya chama. Ni kipi chenye mkondo mnyofu? Kila mmoja aeleze sababu zake.

4. Ni miti gani inayopatikana karibu na chama chenu inayoweza kutoa shingo? Hati zake hupatikana ofisi gani?

5. Katika mfano uliotolewa, je, ilikuwa haki hasara kubebwa na wanachama wote? Chama chenu kingeamua nini?